Usonji: Neno, Heshima na Kazi ya Vyama vya Wazazi

Mji wa Isiolo ni njia panda ya jamii nyingi. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru hukutana sokoni humo, na aghalabu Kiswahili ndicho kiunganishi chao. Mzazi ambaye mtoto wake haitiki anapoitwa, ilhali si kiziwi, hana budi kumweleza muuguzi au mwalimu kwa Kiswahili iwapo hawachangii lugha ya nyumbani. Je, lugha hiyo inampa neno gani?

Maneno yaliyozoeleka hayamfai. 'Bubu' ni yule asiyesema, ilhali baadhi ya watoto hawa husema, tena kwa ufasaha. 'Zezeta' na 'punguani' ni matusi. Neno 'usonji', lililoenea Tanzania na linalozidi kutumika Kenya sambamba na 'otizimu', hutaja hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kudumu maishani. Hali hiyo huathiri mawasiliano na mahusiano. Aliye nayo huweza kurudiarudia matendo au kutaabishwa na sauti, mwanga na mguso. Haiambukizi, wala si laana. Kimofolojia, kiambishi u- hutaja hali, si mtu. Kwa hiyo katika kirai 'mtoto mwenye usonji', mtoto ndiye anayetangulia.

Jina pekee halitoshi. Baada ya Leo Kanner kuieleza hali hii mwaka 1943, wataalamu wengi wa Magharibi waliwalaumu akina mama kwa kukosa upendo. Wazazi walikuwa mstari wa mbele kuipinga dhana hiyo, nao wakaunda vyama vyao: Uingereza mwaka 1962 na Marekani mwaka 1965. Nchini Kenya, wazazi waliasisi shirika la Autism Society of Kenya mwaka 2003. Vyama vya namna hii huwakutanisha wazazi, huwaelimisha walimu, na hudai nafasi za masomo. Zaidi ya yote, humwondolea mzazi upweke na aibu inayomfanya amfiche mwanawe ndani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Kwa hiyo uteuzi wa msamiati si suala la adabu tu, bali ni suala la haki.

Hata hivyo, Isiolo iko zaidi ya kilomita 250 kutoka Nairobi, na neno 'usonji' likitamkwa bila ufafanuzi huweza kuwa geni kwa mzazi kama lilivyo neno la Kizungu. Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohitajika: kuandika maelezo mepesi, kuyasoma redioni, na kushirikiana na wasemaji wa Kiborana, Kisomali na Kiturkana kuyafasiri. Istilahi hukamilisha kazi yake siku mzazi anapoitumia kumwombea mwanawe msaada, si siku inapoingizwa kamusini.