Gemu Uliyonunua, Je, Ni Yako?

Kijana wa Kibokoni akichoka na diski ya gemu, hubadilishana na mwenzake au humuuzia kwa bei nafuu. Ni mtumba kama mitumba mingine. Lakini kampuni zinazotoa gemu hazipendi, kwani diski ikiuzwa mara ya pili wao hawapati hata senti.

Mwaka 2010 kampuni ya EA ilianza kutia katika diski mpya za mpira namba ya kutumika mara moja. Aliyenunua mtumba hakuweza kucheza mtandaoni mpaka alipe tena dola 10. Mwaka 2013 ikaacha. Mwaka huo huo Microsoft ilitangaza masharti ya kuuza diski za Xbox One. Wachezaji wakapiga kelele, nayo ikarudi nyuma mwezi Juni.

Sasa mlango umefungwa kimyakimya. Tangu 2020 kuna PlayStation 5 isiyo na sehemu ya kutia diski. Gemu hushushwa mtandaoni, ikafungwa kwenye akaunti yako, na kumuuzia mwenzako huwezi.

Mashine hiyo ni rahisi dukani. Basi mzazi, kabla hujalipa, uliza: diski inaingia wapi?