Kutoka Kitunda hadi Kitete, nani yuko na mgonjwa njiani?

Mkoa wa Tabora una ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 76,000, na hospitali ya rufaa ya mkoa ni moja: Kitete, pale mjini. Mama akianza kutokwa damu Kitunda, kusini ya mbali ya Sikonge, au kijana akigongwa na nyoka kwenye kambi ya warina asali porini upande wa Ugalla, kilichopo kati yake na daktari bingwa ni barabara, na masika ikikolea hata hiyo barabara huwa ya mashaka. Tumezoea kuipima safari ya namna hii kwa kilomita na kwa madimbwi. Kuna kipimo kingine tunachokisahau: katika saa hizo zote, nani amekaa ubavuni mwa mgonjwa, na anajua kufanya nini?

Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, ni nchi yenye historia ndefu ya kubeba wagonjwa. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, na aliyeugua safarini ama alibebwa ama aliachwa. Msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857. Akiwa njiani kuelekea Ujiji miguu yake ilipooza, akasafirishwa kwa machela. David Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872 akisubiri wapagazi, na mwaka uliofuata, kule Ilala katika Zambia ya leo, siku zake za mwisho alibebwa juu ya kitanda cha miti. Hao walikuwa wakubwa wa misafara. Mpagazi wa kawaida, mwenye frasila mbili za pembe au nguo begani, hakuwa na wa kumbeba. Ndui ilipoingia msafarani, wengi wa namna yake waliachwa kando ya njia. Na hata yule aliyebebwa, huduma aliyoipata njiani ilikuwa ni kubebwa tu.

Nasema haya kwa sababu fikra hiyo haijatutoka. Machela ya miti ikawa baiskeli, baiskeli ikawa mkokoteni wa ng'ombe, kisha bodaboda, kisha Land Cruiser nyeupe yenye king'ora. Kila hatua imeokoa watu, na kijiji kilichopata gari la wagonjwa kina haki ya kupiga vigelegele. Lakini gari lenye dereva peke yake mbele na mgonjwa na shemeji yake nyuma bado ni machela, ila ina injini.

Sehemu ya kazi tumeshaifanya, tena vizuri. Mpango wa m-mama ulijaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, ukazinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2022, na sasa umefika mikoa yote. Mjamzito, mama aliyejifungua au kichanga akipata shida, familia au zahanati hupiga 115 bila malipo. Mtu wa kituo cha kuratibu anauliza maswali, anapima uzito wa dharura, anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, anampigia dereva jamii, mwenye gari lake la kawaida aliyeandikishwa kwa kazi hiyo. Dereva anampeleka mama, kituo kinathibitisha amefika, na nauli inaingia kwenye simu ya dereva. Hakuna kumwuza mbuzi usiku wa manane ili kupata mafuta.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2022 ulionyesha 104. Hayo si matunda ya m-mama peke yake, maana vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji vimejengwa na wakunga wameongezwa. Hata hivyo, usafiri umechangia, na jambo kubwa limethibitika: simu moja inayopokelewa na mtu mwenye mamlaka ya kuamua inaweza kufanya kazi hata katika mkoa mpana kama wetu.

Kinachofuata ni kigumu zaidi, nacho kimo ndani ya gari. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Akipakiwa kama mzigo, gari linakimbia huku yeye anaisha. Akisindikizwa na mkunga, kizazi kinakandwa tumboni mpaka kikaze, oksitosini inatolewa, dripu inaingia, kibofu kinamwagwa, mablanketi yanamfunika kwa sababu damu ya mtu aliyepoa haigandi vizuri. Mwenye kifafa cha mimba apewe dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti kabla gari halijawashwa, alazwe ubavu wa kushoto, njia ya hewa iangaliwe kila wakati. Kichanga kisichotimiza miezi kiwekwe kifuani kwa mama au bibi, ngozi kwa ngozi, kwani upepo wa dirishani unatosha kukiua.

Mambo haya hayahitaji mitambo ya bei mbaya. Yanahitaji mtu aliyefunzwa na dereva anayejua kwamba mwendo wa kasi juu ya barabara ya makorongo unamnyima muuguzi nafasi ya kushika hata mshipa. Tatizo ni kwamba zahanati yenye muuguzi mmoja usiku haiwezi kumtoa asindikize mgonjwa bila kuwaacha waliobaki wodini. Muuguzi huyo huchagua peke yake, usiku, nani wa kumwacha. Nadhani huo ndio uamuzi mzito kuliko yote katika kazi hii, na hatuna haki ya kuendelea kumtwisha yeye.

Halafu kuna wale ambao m-mama haikuundwa kwa ajili yao. Tabora ni nchi ya miombo, asali na tumbaku, na huko ndiko aliko nyoka koboko. Sumu yake hulegeza misuli ya kupumulia. Aliyegongwa hufa kwa kukosa pumzi wakati moyo wake ungali unapiga, hivyo mtu anayempulizia hewa kwa mfuko wa ambu njia nzima anaweza kumfikisha hai. Kumchanja, kumfunga kamba ya kukaza au kumbandika jiwe jeusi kunapoteza muda tu. Mguu ufungwe gango kama uliovunjika na mgonjwa asitembezwe. Unyamwezi na Usukuma tuna Wayeye, chama cha kale cha wacheza nyoka na waganga wa nyoka. Watu huwakimbilia kwanza na wataendelea kuwakimbilia. Kuwafundisha kufunga gango na kupiga simu kutaokoa wengi kuliko kuwakemea.

Tarehe 22 Juni 2022, treni ya abiria kutoka Kigoma iliacha reli eneo la Malolo, karibu na mjini Tabora. Watu wanne walifariki, zaidi ya mia moja wakajeruhiwa na kukimbizwa Kitete. Katika ajali kama hiyo wa kwanza kufika ni abiria wenzao na wanakijiji, kama Bukoba, Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani na wavuvi wakatangulia. Bodaboda wa Nzega au Igunga huwaona majeruhi wa barabarani kabla ya askari na daktari. Wengi wao hawajafundishwa kubana jeraha linalovuja damu wala kuishika shingo ya mtu aliyeanguka isicheze, na wengine husita hata kumgusa kwa hofu ya maswali ya polisi na fomu ya PF3. Matibabu ya dharura yatangulie, karatasi ifuate. Hilo lisemwe wazi kwenye kila kijiwe.

Taaluma ya tiba ya dharura yenyewe ni changa nchini. Idara ya tiba ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kusomesha mabingwa wa fani hiyo. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa kozi fupi ya huduma za msingi za dharura, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za majaribio pamoja na Uganda na Zambia. Ni kozi ya siku chache na haimtaki mtu awe daktari. Ningeanza na dereva wa kila gari la wagonjwa la wilaya, kisha dereva jamii wa m-mama, kisha viongozi wa vijiwe vya bodaboda.

Na kuna simu ya pili, ile ya kwenda mbele. Wanaopokea Kitete wakiambiwa saa moja kabla kwamba anakuja mama aliyepoteza damu nyingi, presha yake ni kiasi gani, amepewa dawa gani na saa ngapi, mtu wa maabara huandaa damu, chumba cha upasuaji hufunguliwa, daktari huitwa kutoka nyumbani. Wasipoambiwa, hayo yote huanza baada ya gari kusimama getini. Muda wa maongezi wa simu hiyo ni shilingi chache, na uwekwe kwenye bajeti ya gari pamoja na dizeli.