Dredi Hutunzwa Shinani

Aprili 2022, huko Nyeri, Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza wa Kenya, alishika mkasi akazikata dredi za Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyezifuga tangu enzi za vita vya msituni. Msituni hakukuwa na msusi; nywele zilijishikia zenyewe. Mteja wa saluni Nairobi au Dar es Salaam leo hutaka kitu tofauti: dredi zilizopangika, kila moja na mraba wake kichwani. Mpangilio huo haudumu bila kazi.

Kichwa cha mtu hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku. Anayechana huziona kwenye kitana. Kwenye dredi hazidondoki, hubaki ndani zikijisokota na nyingine, na ndiyo maana dredi hukaza na kunenepa kadiri miaka inavyopita.

Shinani mambo ni mengine. Nywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi, na zile changa bado hazijasokotwa. Zikisuguliwa na mto, kofia au kilemba, hunasana na za jirani. Mwenye dredi asipojali, baada ya miezi kadhaa dredi mbili huwa na shina moja.

Dawa yake ni kuzitenganisha mapema, na wakati mzuri ni baada ya kuosha, nywele zikiwa na unyevu na zinavutika. Dredi mbili hushikwa karibu na ngozi, zikaachanishwa polepole kwa vidole, safu kwa safu, kuanzia kisogoni ambako mto husugua zaidi. Zikivutwa kavu hukatika.

Kusokota upya shina, au ritachi, ni kazi nyingine. Wasusi wengi hupendekeza kila baada ya wiki nne hadi sita, kwa viganja, kitana au sindano ya kufumia yenye ndoana. Kuna wanaokwenda saluni kila wiki ili wapendeze, na hapo ndipo hasara huanza: shina linalovutwa mara kwa mara hudhoofika, dredi hukonda karibu na ngozi, na nywele za paji la uso hurudi nyuma. Upara wa namna hiyo, ukiachwa muda mrefu, huweza kuwa wa kudumu. Ritachi inayomnyima mtu usingizi kwa maumivu imekazwa kupita kiasi.

Vya kupaka navyo vichaguliwe. Nta hushika vizuri siku ya kwanza, lakini haitoki kwa maji, nayo hukusanya vumbi ndani ya dredi. Jeli ya mshubiri ni nyepesi na huoshwa ikatoka.

Dredi zilizokwisha kuungana sana hazina njia ya mkato. Msusi mwenye subira huweza kuzifumua kwa ncha ya sindano, uzi mmoja mmoja, au akazipasua kwa mkasi na kukubali kupoteza nywele kadhaa. Mara nyingi huwa nafuu kuzisokota pamoja ziwe dredi moja nene.

Wapo wanaoziacha ziungane kwa makusudi. Hao hawahitaji ritachi, lakini kuosha na kukausha hakuwaepuki: dredi nene hushika maji kwa saa nyingi, na anayelala nazo mbichi mara kwa mara hukaribisha harufu ya uvundo isiyofichwa na manukato.