Spesa ya gurudumu

Spesa ya gurudumu ni kipande cha metali chenye umbo la duara kinachofungwa kati ya habu na rimu ili gurudumu litokeze nje zaidi. Kipande kinachobadilisha pia mpangilio wa stadi, yaani bolti zilizosimikwa kwenye habu, huitwa adapta ya gurudumu. Vifaa hivi hutumika sana kwenye magari ya zamani yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, kama vile Land Rover, Toyota Land Cruiser, Nissan Patrol na Suzuki. Vikiwa na vipimo sahihi na kufungwa vizuri hufanya kazi kwa miaka. Vikikosewa, gurudumu linaweza kuchomoka gari likiwa katika mwendo.

Sababu za kutumika

Sababu ya kwanza ni nafasi. Tairi pana kuliko lile la kiwandani huweza kugusa springi, chesisi au fimbo za usukani, na spesa hulisogeza mbali navyo.

Sababu ya pili ni kutumia rimu za gari lingine. Rimu huingia kwenye habu ikiwa idadi ya stadi na kipenyo cha duara linalopita katikati ya stadi vinalingana. Vipimo vya baadhi ya magari ni hivi:

- Land Rover Series, Defender na Discovery ya kwanza: stadi 5, milimita 165.1
- Discovery ya pili: stadi 5, milimita 120
- Land Cruiser za mfululizo wa 40, 60 na 80, Hilux za zamani na Nissan Patrol: stadi 6, milimita 139.7
- Land Cruiser ya mfululizo wa 100: stadi 5, milimita 150
- Suzuki Samurai na Jimny: stadi 5, milimita 139.7

Sababu ya tatu ni kulinganisha ekseli. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, inayotumika sana Afrika Mashariki kwa utalii na kazi za vijijini, ilipanuliwa mbele mwaka 2007 ili kupokea injini ya dizeli ya V8, lakini ekseli ya nyuma ikabaki nyembamba. Tofauti yake ilikuwa takriban milimita 95. Kwenye mchanga au tope, magurudumu ya nyuma hayapiti katika njia iliyokanyagwa na ya mbele, hivyo hulazimika kuchimba njia yao. Baadhi ya wenye magari hayo hufunga spesa za nyuma ili kuziba pengo hilo.

Aina

Spesa nyembamba ni bamba lenye matundu linalopitishwa kwenye stadi zilezile za gari, kwa kawaida lenye unene wa milimita 3 hadi 10. Udhaifu wake ni kwamba linapunguza urefu wa stadi unaoshikwa na nati. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike kwa urefu usiopungua kipenyo cha stadi. Kwa stadi ya milimita 12 yenye hatua ya uzi ya milimita 1.5, hiyo ni mizunguko 8 kamili. Bamba la milimita 5 hupunguza mizunguko mitatu na zaidi.

Spesa nene hufungwa kwenye habu kwa nati za kwanza, nayo ina stadi zake ambazo hubeba rimu kwa nati za pili. Nyingi huanzia milimita 25 hivi. Stadi za awali zikiwa ndefu kuliko unene wa spesa, hugonga mgongo wa rimu na kuizuia isikae sawasawa, isipokuwa rimu ikiwa na vishimo vya kuzipokea. Nati zinaweza kuonekana zimekaza ilhali rimu haijalala.

Adapta hujengwa kama spesa nene, ila stadi zake za nje zina mpangilio tofauti na wa habu.

Spesa bora huwa na tundu la katikati linalokaa barabara kwenye habu, na ukingo wa nje unaoingia kwenye tundu la rimu. Hivyo gurudumu hukaa katikati kamili bila kutegemea stadi peke yake.

Athari kwa gari

Uzito ukisogezwa nje, nguvu ya kupinda huongezeka. Kwa mfano, gurudumu linalobeba kilo 800 likisogezwa nje milimita 30, nguvu ya kupinda inayoongezeka kwenye beringi ni takriban Nyutoni-mita 235, gari likiwa limesimama. Kwenye mashimo huwa kubwa zaidi. Katika ekseli ambazo shafti yenyewe hubeba uzito, kama za nyuma za Hilux nyingi za zamani, shafti nayo hupata mzigo huo. Katika ekseli ambazo habu hubeba uzito wote, shafti huzungusha tu, na mzigo hubaki kwenye beringi za habu.

Mbele, usukani huwa mzito, na gurudumu moja likigonga jiwe usukani huruka mkononi kwa nguvu zaidi. Kingpini na viungo vya usukani vilivyolegea huonyesha ubovu wao mapema.

Faida ya uthabiti ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Gari lenye umbali wa milimita 1,460 kati ya magurudumu ya kushoto na kulia, likiongezewa milimita 30 kila upande, hupanuka kwa asilimia 4 hivi. Ikiwa kitovu chake cha uzito kiko milimita 800 kutoka chini, mzigo wa juu ya paa unaokipandisha milimita 33 tu hufuta faida yote.

Ufungaji na ukaguzi

Uso wa habu husuguliwa hadi kutu na rangi viishe, kwa kuwa uchafu huo husagika baadaye na kuacha nati zikiwa zimelegea. Nati hukazwa kwa kuvuka upande mmoja hadi mwingine, kwa spana inayopima nguvu, kulingana na kitabu cha gari na maelekezo ya mtengenezaji wa spesa. Hukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Nati za ndani za spesa nene hazionekani rimu ikiwa imefungwa. Fundi anayekaza nati za nje tu hajakagua kitu kizima. Ni lazima gurudumu litolewe. Spesa mbili hazibebanishwi, na iliyoonyesha ufa haichomelewi bali hutupwa.

Sheria na njia mbadala

Nchini Ujerumani spesa huhitaji hati ya kiufundi au kukaguliwa na wataalamu. Mwongozo wa kitaifa wa marekebisho ya magari wa Australia kwa kawaida hauziruhusu, isipokuwa zilizotoka na gari kiwandani.

Njia mbadala ni rimu iliyotengenezwa ikiwa na ofseti inayotakiwa. Mzigo kwenye beringi huwa uleule, lakini hupunguza seti moja ya stadi na nati, na zilizobaki zote huonekana kwa macho.