Vyuo Viwili, Kozi Moja: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuchagua

Kila mara matokeo ya KCSE yanapotoka na KUCCPS kufungua tovuti yake, familia nyingi za Kaunti ya Kilifi hukabiliwa na swali moja: mwanafunzi aliyepata C+ au zaidi aombe chuo kipi? Kwa wengi, uamuzi huishia kati ya Chuo Kikuu cha Pwani, mjini Kilifi, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, maarufu kama TUM, kilichoko Tudor. Vyote viwili ni vya umma na vyote vilipata hati ya kuwa vyuo vikuu kamili mwaka wa 2013. Hata hivyo, kila kimoja kina njia yake, na uchaguzi wa haraka unaweza kuigharimu familia pesa na miaka.

Chuo cha Pwani kilianza mwaka wa 2007 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Kenyatta, mahali palipokuwa na taasisi ya kilimo. Hadi leo kinajulikana kwa kilimo, ualimu na sayansi ya bahari. TUM kwa upande wake kimetokana na taasisi ya ufundi ya MIOME, iliyokuja kuwa Mombasa Polytechnic. Nguvu yake kubwa ni uhandisi na teknolojia, na bado hufundisha diploma pamoja na shahada. Mwanafunzi anayetaka kilimo au uhandisi basi huwa na njia iliyo wazi. Ugumu huwapata wale wanaotaka kozi inayopatikana pande zote mbili, kama vile shahada ya biashara.

Kwanza, kozi itambuliwe

Jina la chuo pekee halitoshi. Kila kozi ya shahada inafaa iwe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kwa taaluma kama uhandisi, sheria na uuguzi, kuna pia bodi zinazosimamia kazi hizo. Imewahi kutokea nchini kwamba wahitimu wa uhandisi walimaliza masomo kisha wakanyimwa usajili kwa sababu kozi yao haikutambuliwa na bodi. Mzazi anayepanga kumlipia mtoto karo kwa miaka minne au mitano ana haki ya kuuliza mapema: kozi hii, katika chuo hiki, imo kwenye orodha ya bodi husika?

Pili, hesabu ya fedha

Mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka wa 2023 huangalia hali ya familia. Kwa makundi matano yaliyotangazwa mwaka wa 2024, familia ya kundi la kwanza hulipa asilimia 5 ya gharama ya kozi, ya pili 10, ya tatu 20, ya nne 30 na ya tano 40. Sehemu inayobaki hugawanywa kati ya ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB, ambao mwanafunzi ataulipa baadaye. Mfumo huu umepingwa mahakamani, kwa hivyo ni muhimu kuthibitisha viwango vya mwaka husika kabla ya kutuma maombi.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba mchango wa familia ni asilimia ya gharama ya kozi. Tuseme kozi inagharimu Sh200,000 kwa mwaka katika chuo kimoja na Sh150,000 katika kingine. Familia ya kundi la tatu italipa Sh40,000 upande mmoja na Sh30,000 upande wa pili. Tofauti ni Sh10,000.

Lakini iwapo chuo cha karo nafuu kiko mbali na nyumbani, na mwanafunzi atapanga chumba cha Sh5,000 kwa miezi minane, hiyo ni Sh40,000 nyingine. Nafuu ya karo imekwisha hapo, kabla ya nauli na chakula. Mkazi wa mji wa Kilifi anaweza kusoma Pwani akilala kwao. Wa Mtwapa huenda akaona ni rahisi kwenda Tudor kila siku. Anayetoka Ganze au Magarini atahitaji mahali pa kulala popote atakapokwenda, kwa hivyo aulize kuhusu nafasi za bweni mapema.

Tatu, alama na mpangilio wa chaguo

Kozi moja inaweza kuhitaji alama tofauti katika vyuo viwili. Tovuti ya KUCCPS huonyesha alama za chini zilizotumika miaka iliyopita. Alama hizo hubadilika kulingana na waombaji na nafasi, kwa hivyo ni mwongozo tu. Mwanafunzi atangulize kozi anayoitaka kweli, lakini asijaze nafasi zote kwa kozi ambazo alama zake hazizifikii.

Kuhama baadaye kunawezekana, ila hakuna uhakika. Maombi hupitia KUCCPS kwa muda maalum, na lazima mwanafunzi awe amefikisha alama za kozi anayoitaka na nafasi iwepo.

Mahali pa kuuliza

Elimu ya vyuo vikuu ni jukumu la serikali ya kitaifa chini ya Katiba ya 2010, kwa hivyo kaunti haiwezi kumteulia mwanafunzi chuo. Maswali kuhusu mkopo yanaweza kupelekwa kwa dawati la HELB katika vituo vya Huduma, na yale ya kozi na mabweni kwa ofisi ya usajili ya chuo chenyewe. Wazazi wanashauriwa kuketi na watoto wao wakiwa na karatasi mbili, moja kwa kila chuo, na kuandika karo, chumba, nauli, chakula na hali ya kozi kwa bodi kabla ya tovuti kufungwa.