SIKUKUU NYUMBANI: TUWAANGALIE WADOGO NA WAZEE



Kila mwezi wa Desemba mabasi yaendayo Moshi hujaa. Wachaga wanaofanya kazi Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hurudi kihambani kula Krismasi. Kihamba ni shamba la ukoo, lenye migomba na kahawa. Hapo ndipo wanapoishi babu na bibi. Mbuzi huchinjwa, ndizi hupikwa, na mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu na ulezi.

Siku hiyo mjukuu humwona babu ambaye pengine amepewa jina lake. Kwa desturi ya Wachaga, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Wa pili hupewa jina la babu mzaa mama. Ni furaha kubwa.

Lakini katika furaha hii wapo watu wawili wanaosahauliwa. Nao ni mtoto mdogo na mzee. Wawili hawa wanafanana. Wote huchoka upesi. Wote husikia baridi upesi. Basi tuwaangalieje?

Safari na homa
Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni kiasi cha kilomita 550. Mtoto hufika amechoka. Bibi akinyoosha mikono, mtoto hulia. Bibi, usione uchungu! Hajakukataa, bado hajakuzoea tu. Kesho atakufuata mpaka bandani kwa mbuzi.

Mtoto akipata homa, msiseme, "Ah, ni baridi ya mlimani tu." Mbu wa malaria akimwuma mtu leo, homa huja baada ya siku saba au zaidi. Kwa hiyo mtoto aliyeumwa na mbu Dar es Salaam anaweza kuugulia Marangu. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo akapimwe damu.

Jiko la mkaa
Usiku wa mlimani una baridi. Wengine huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Jamani, hiyo ni hatari kubwa! Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Aliyelala haamki kukimbia, bali hufa usingizini. Toeni jiko nje kabla ya kulala. Mvalisheni mtoto soksi na sweta. Mzee naye apewe blanketi la pili.

Jikoni
Siku ya sikukuu sufuria ni nyingi na watoto ni wengi. Kila mtu hudhani mwenzake ndiye anayewaangalia watoto. Kumbe hakuna! Mchagueni mtu mmoja, kazi yake iwe hiyo tu, na wapokezane. Mtoto akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Msimpake dawa ya meno, wala asali, wala yai. Kisha mpelekeni zahanati.

Chakula
Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Mkamwana akisema, "Mama, huyu bado hajaanza kula," bibi asidhani kwamba ananyimwa mjukuu. Asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, maana inaweza kumletea ugonjwa mkali. Karanga nzima na vipande vikubwa vya nyama huweza kumkaba mtoto mdogo. Na mbege ni pombe. Hata "kuonja kidogo" si kwa mtoto.

Bibi naye apumzike
Mara nyingi bibi huamka alfajiri, akachota maji, akamenya ndizi, akapika. Wageni wanapoondoka, yeye ndiye anayebaki mgonjwa. Hiyo si heshima. Vijana wa kike na wa kiume washike kazi. Bibi akae kivulini, aulizwe kama amekunywa dawa zake za presha, na wajukuu wamzunguke.

Hapo ndipo sikukuu yenyewe ilipo. Babu awaonyeshe mpaka wa kihamba. Awafundishe kusema "Shimbonyi", yaani kuwasalimu wakubwa kwa Kichaga. Zawadi ya mjini huchakaa, lakini maneno ya babu mtoto atakwenda nayo. Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Nasi tuongeze: wazee hao tuwatunze, ili mwakani tuwakute.

Maswali ya kuzungumza nyumbani
1. Kwa nini jiko la mkaa lisilale chumbani?
2. Mtoto akiungua, tufanye nini kwanza?
3. Sikukuu ijayo, nani atawaangalia watoto nyumbani kwenu? Na nani atampumzisha bibi?