Je, Wajua? Retina Huchanika Bila Kuuma

Je, wajua kwamba retina, utando ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina hisia ya maumivu? Yaweza kuchanika au kubanduka na mwenyewe akaendelea na shughuli zake bila kuumwa popote. Dalili zake huonekana tu: vimweko vya mwanga pembeni mwa jicho hata ukiwa gizani, vidoadoa vyeusi vinavyozuka vingi kwa ghafla, kisha kivuli kinachosogea na kufunika upande mmoja. Mwenye dalili hizi aende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Matone ya duka la dawa hayatamsaidia, na kuchelewa kunaihatarisha sehemu ya katikati, ile tunayosomea na kutambulia sura.

Je, wajua kwamba utando huo, wenye seli zaidi ya milioni 100 za kupokea mwanga, unene wake haufiki nusu milimita?

Je, wajua kwa nini mboni huonekana nyeusi tii? Ukichungulia jicho la mwenzako, kichwa chako mwenyewe kinaziba mwanga ambao ungeingia humo na kukurudia. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz, aliyekuwa akifundisha Königsberg, alitangaza kifaa chenye kioo kilichopeleka mwanga ndani ya jicho na kumwezesha daktari kutazama kwa njia hiyohiyo. Kabla ya hapo, ugonjwa mwingi wa retina ulikuwa upofu usio na maelezo.

Je, wajua kwamba kuona hakukuleta tiba mara moja? Miaka mingi iliyofuata, aliyebandukwa na retina aliambiwa alale tu kitandani. Ni Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, aliyeng'ang'ania kwamba chanzo ni mpasuko: majimaji ya ndani ya jicho hupenya hapo na kuisukuma retina, kama rangi inavyobanduka ukutani maji yakiingia nyuma yake. Miaka ya 1920 alianza kuuchoma mpasuko kwa chuma cha moto ili uzibe, na watu waliokatiwa tamaa wakaona. Vifaa vimebadilika, lakini kanuni yake ingali ileile: tafuta tundu, lizibe.

Je, wajua kwamba tiba ya kuchoma retina kwa mwanga ilitokana na kupatwa kwa jua? Tarehe 9 Julai 1945 mwanafunzi mmoja wa udaktari Ujerumani alilitazama jua bila kinga, akaunguza retina yake. Daktari Gerd Meyer-Schwickerath alipoliona kovu lile alijiuliza: kama mwanga waweza kudhuru hivi, hauwezi kutibu? Majaribio yake ya awali aliyafanya kwa mwanga wa jua wenyewe, akiuelekeza kwa vioo kutoka juu ya paa. Siku za mawingu hakuna kazi! Leo leza huchomelea kingo za mpasuko kwa dakika chache, mgonjwa akiwa ameketi.

Je, wajua kwamba upasuaji wa ute wa jicho ulijaribiwa kwanza kwenye yai? Robert Machemer, aliyekuwa Miami, alikifanyia majaribio kifaa chake cha kukata na kufyonza kwenye ute wa yai kabla ya kumpasua mgonjwa mwaka 1970. Matundu yanayotobolewa siku hizi ni ya takriban nusu milimita.

Baada ya upasuaji huo daktari anaweza kuacha povu la gesi ndani ya jicho ili liibane retina mahali pake. Hapa nawaomba wasomaji mtulie, hasa wanaosafiri India kwa matibabu. Gesi hutanuka hewa inapopungua kanieneo, hivyo kupanda ndege nayo kunaweza kulipandisha jicho shinikizo hadi likapofuka. Gesi nyingine hukaa wiki mbili, nyingine hata wiki nane. Usikate tiketi ya kurudi mpaka daktari aseme imekwisha. Hata safari ya gari kutoka Mombasa hadi Nairobi, kupanda zaidi ya meta 1,600, iombewe ruhusa. Na ukihitaji upasuaji mwingine wowote, mtaalamu wa usingizi aambiwe, maana gesi ya nitrasi oksaidi hulitanusha povu hilo vilevile.

Je, wajua kwamba picha za mishipa ya retina kwa dawa ya rangi zilibuniwa na wanafunzi wawili wa udaktari wa Indiana, Marekani? Novotny na Alvis waliandika makala, jarida la macho likaikataa. Ikachapishwa mwaka 1961 katika jarida la moyo.

Je, wajua kwamba retina humsaidia daktari kuitambua malaria ya ubongo? Blantyre, Malawi, watafiti waliwachunguza watoto 31 waliofariki baada ya kuambiwa wana ugonjwa huo. Matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kwamba 7 kati yao waliuawa na kitu kingine. Dalili pekee ya kitabibu iliyoyatenganisha makundi hayo ilikuwa kwenye retina: weupe usio wa kawaida, mishipa iliyobadilika rangi, na madoa ya damu. Vimelea kwenye damu si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa katika nchi zetu mtoto anaweza kuwa navyo huku kinachomuua ni maradhi mengine. Kifaa cha kuchungulia jicho kilistahili kuwemo katika kila wodi ya watoto.

Je, wajua kwamba sindano inayotumiwa sana kwa retina iliyoharibiwa na kisukari ilikuwa dawa ya saratani? Avastin iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, kwa vile huizuia mishipa mipya ya damu. Mishipa ya namna hiyo ndiyo inayovuja ndani ya jicho. Jicho linahitaji kiasi kidogo mno, kwa hiyo chupa moja hugawanywa kwa wagonjwa wengi, na bei ikashuka.